Mama na Boti ya Bwana Meshack

Nyinyi makarani wapya wa wakili, kila nikipita ofisini kuwasalimia mnaniuliza swali lilelile: Mzee Ochola, katika kesi zote ulizokimbiza, ni ipi iliyokusumbua zaidi? Huwa nawapa ile ya punda wa Awendo, mnacheka, naenda zangu. Leo nitawapa ya kweli. Ila mniwie radhi nikisimama-simama. Mke wangu husema nilistaafu mimi tu, miguu ikabaki kazini.

Kazi yenyewe mnaijua, ingawa mnaifanya mkiwa mmeketi. Mnapakia faili kwenye kompyuta, tarehe ya kesi inawafikia kwa simu kabla chai haijapoa. Sisi tulibeba faili katika mfuko wa nailoni uliotiwa ndani ya mfuko mwingine, maana maji ya ziwa hayaheshimu muhuri wa mahakama. Kazi kubwa ilikuwa kupeleka samansi, zile hati za kuitwa mahakamani, na kutafuta mashahidi. Mzee Zadok, karani aliyenifunza, alinivua tai kwa mkono wake siku ya kwanza tulipokwenda Sori. Akaniambia huku ziwani mwenye tai ni mtu wa kodi au mtu wa mkopo, na ukionekana nayo kwa mbali, kila unayemtafuta atakuwa ameshaingia majini.

Nilikosea pia, tena sana. Kuna mwaka nilitumwa kumpa samansi Joseph Otieno, mwenye lori lililomgonga mtu. Nikampata Joseph Otieno, nikampa, akanishukuru kwa mikono miwili. Siku ya kesi alifika mahakamani na suti yake ya kanisa, akamwambia hakimu kwamba hajawahi kuwa na lori, lakini kama serikali imeamua kumpa moja yeye hakatai. Tangu siku hiyo sikuuliza tena jina la mtu peke yake. Niliuliza ni mtoto wa nani, ameoa wapi, na watu wa ufuoni wanamwita nani.

Na hili lishikeni: shahidi wa visiwani mtafuteni wakati mwezi uko gizani. Omena, wale dagaa wa ziwani, huvuliwa kwa taa. Mwezi ukiwaka, omena hazikusanyiki, wavuvi na akina mama wa biashara wanarudi kwao, mmoja Kadem, mwingine Bondo, mwingine ng'ambo ya Tanzania. Ukienda Remba mwezi ukiwa mzima utakuta mabati na kuku.

Hayo yote niliyajua. Niliyajua kwa faida ya watu wengine, mpaka ziwa lilipomchukua mdogo wangu.

Tobias alikuwa kitinda mimba wetu. Alikuwa fundi wa injini za boti kule Muhuru Bay, na kama ilivyo desturi yetu, yeye ndiye aliyebaki nyumbani na mama. Alikuwa bado hajaoa. Alikuwa akisema ataoa akishamaliza injini ya fulani, na fulani walikuwa hawaishi. Mimi nilikuwa na nyumba yangu Migori na sababu zangu za kutokwenda nyumbani mara kwa mara.

Nilikuwa kwenye veranda ya mahakama asubuhi, nikingoja faili, simu ikalia. Jirani yetu akaniambia kuna boti imepinduka kati ya Muhuru na Remba, boti ya Bwana Meshack, na Tobias alikuwa ndani. Watu kadhaa wameokolewa na wavuvi. Tobias hajaonekana.

Nilipofika ufuoni umati ulikuwa umesimama ukitazama maji. Mama alikuwa ameketi mchangani, miguu ameinyoosha mbele. Nikamshika bega. Halafu, sijui niwaelezeje, nikashindwa kukaa kando yake. Nikaanza kuzunguka. Nikamuuliza kila aliyeokolewa jina lake na kwao, boti ilibeba nini, nani alikuwa kwenye usukani, kulikuwa na jaketi za kuokoa maisha au hapana. Nikaandika. Watu wananilaki kwa kilio, mimi nawauliza magunia yalipangwa vipi. Mwisho mama akaniita, akaniambia kwa Kijaluo, bila hasira, "Ochola, weka kalamu chini. Huyu ni ndugu yako."

Niliiweka mfukoni. Mkono ukabaki humohumo mfukoni, umeishika.

Tobias alipatikana baada ya siku kadhaa, upande wa Mfangano. Daktari alimpima, polisi wakaandika, chifu akatoa barua yake. Wakati wa matanga, Bwana Meshack alikuja. Meshack anaishi mjini Homa Bay, ana boti kadhaa, ni mtu wa kuchangia kanisa na wa kuongea kwa upole. Alileta fahali na akalipia jeneza. Alilia, na sisemi kilio chake kilikuwa cha uongo. Mama akampa mkono, akamwambia aketi karibu na familia.

Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nikikanyaga nyasi. Kwa wateja wangu nilikuwa nikisema, mwenye kosa akija na ng'ombe, mpokeeni kama mgeni, lakini msimwahidi chochote wala msiweke kidole kwenye karatasi yoyote. Nikamwambia mama hivyohivyo jioni ile. Akanitazama kama mtu aliyeniona jana kwa mara ya kwanza. Akasema, "Mtu amekuja kulia na mimi. Nimpeleke kortini? Nimuuze Tobias?"

Hapo mtakutana napo mara nyingi, vijana. Watu wetu wengi wanaona kesi ya kifo ni kuuza damu ya mtoto. Usimkimbize mtu anayesema hivyo na usimcheke. Mwambie tu kwamba sheria inampa miaka mitatu, kisha mlango unafungwa, halafu mwache. Ni rahisi kumwambia mgeni. Mimi nilimwacha mama yangu na kila nilipofungua faili ya mtu mwingine nilikuwa nahesabu kimoyomoyo miezi ya mama iliyobaki. Nilikuwa nikiamka nazunguka kiwanja. Wenzangu waliona viatu vyangu vinaisha nikiwa humuhumu ofisini.

Kilichombadilisha mama si maneno yangu. Alikwenda ufuoni Muhuru kununua omena, akaiona ileile boti. Ilikuwa imevutwa, imezibwa, imepakwa rangi mpya ya kijani na kupewa jina jipya la Biblia. Lakini mama ameishi na fundi wa boti. Aliijua kwa umbo lake, kama mtu anavyomjua ng'ombe wake hata akikatwa pembe. Ilikuwa imejaa watu na magunia mpaka maji yanakaribia ukingo. Jaketi hakuna. Na Bwana Meshack mwenyewe alikuwepo siku hiyo, amesimama kivulini na simu sikioni.

Mama alimwendea. Alinisimulia baadaye kwamba alimuuliza tu kama hii ndiyo ile. Meshack akamshika mkono vizuri, akamwambia, "Mama, ajali ni kazi ya Mungu. Tusimkasirikie."

Kesho yake mama alitokea ofisini kwetu Migori, bila kunipigia. Alikuwa na leso yake nzuri na viatu vya kanisani. Alipita meza yangu kama hanijui, akaingia moja kwa moja kwa wakili, akasema, "Nionyesheni mahali pa kuweka kidole."

Wakili wetu alikuwa Bi Moraa, mama wa Kisii asiyependa maneno mengi. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniita. Mimi nilikuwa nimeshabeba faili mpya na kalamu. Akaninyang'anya faili.

"Ochola, kwa hii kesi wewe si karani. Kaa na wateja."

Lile benchi la wateja niliwahi kulipanga kwa mikono yangu, kando ya ukuta, pale pasipo na upepo. Sikujua ni gumu hivyo. Kwa miaka mingi niliwaambia watu "ngojeni kidogo," na sikuwahi kuuliza kidogo ni kiasi gani. Karani mwenzangu Brenda, msichana mwerevu, alinieleza polepole, kama mnavyowaeleza wazee, kwamba marehemu hawezi kushtaki, kwa hivyo kwanza mahakama itamteua mama kusimama mahali pake. Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimemfundisha Brenda maneno hayohayo.

Kesi ilifunguliwa Homa Bay, anakoishi Meshack. Jibu lake likaja upesi: boti haikujaa, mawimbi yalikuwa ya ghafla, na isitoshe Tobias alikuwa fundi, kama kulikuwa na hatari, aliiona na akapanda kwa hiari yake. Bi Moraa akasema tunahitaji mtu aliyekuwa ndani. Wavuvi waliookoa watu walikuwa wamekuta boti imeshapinduka.

Nilimjua wa kumtafuta. Siku ile ufuoni, kati ya majina niliyoandika, alikuwepo Perpetua, mama wa biashara ya omena aliyekuwa ameketi karibu na injini. Brenda alikuwa ameshakwenda Remba mara moja, mwezi ukiwa mzima, akarudi na picha za kuku. Nikamwambia Bi Moraa kwamba kama karani siwezi kwenda, ila kama kaka wa marehemu sioni wa kunizuia. Hakujibu. Nikachukua hilo kuwa ruhusa.

Remba mnaijua: mabati yamebanana, mtu akikohoa jirani anamwambia pole. Nilimpata Perpetua akigeuza omena zake kwenye wavu wa kuanikia. Aliponiona uso, kwa vile nafanana na Tobias, akaacha kazi. Hakukataa kwamba alikuwepo wala kwamba aliona. Lakini alinyoosha mkono kuelekea majini, zilikofungwa boti, na akaniuliza, "Nikimsema Meshack, nitavuka na nini? Omena zangu zitavuka na nini?"

 Mzee Zadok alinifunza kwamba shahidi halazimishwi kwa machozi yako. Nilimwambia tarehe na mahali, nikamwambia mama yetu atakuwepo. Nikanunua omena kwake, akanizidishia, nikaondoka. Miezi iliyofuata nilikuwa namuota amesimama ufuoni, boti zote zinampita.

Kabla ya siku ya kusikilizwa, mahakama ilisema mama anaweza kutoa ushahidi kwa njia ya simu akiwa nyumbani, kwa ajili ya umri wake. Mnajua mambo hayo ya video. Mama akauliza kama mtu anaweza kuapa mbele ya simu na Mungu akakitilia maanani kiapo chake. Tukaenda Homa Bay.

Siku moja kabla ya kesi Bi Moraa alikuwa amemweleza jambo moja kwa uangalifu. Sheria humfidia aliyekuwa akimtegemea marehemu. Kwa hivyo akiulizwa, aeleze alichokuwa akipewa na Tobias. Mama akakaza leso yake. Mimi nilimjua. Mama yangu amelima maisha yake yote, na kwake mzazi anayesema alilishwa na mtoto amejivua nguo sokoni.

Wakili wa Meshack, kijana mstaarabu, alimuuliza kupitia kwa mkalimani, "Mama, marehemu alikuwa akikupa nini?"

"Hakunipa kitu," mama akasema. "Mimi ndiye mama."

 Bi Moraa aliinamisha macho. Wakili wa upande wa pili akaketi, ametosheka.

Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani, hakuandika mara moja. Alimuuliza mama mwenyewe, polepole, walikuwa wakiishi vipi nyumbani. Hilo mama alilijibu bila shida. Alisema Tobias alikuwa akichota maji kabla ya kwenda ufuoni. Jioni alirudi na samaki, anawapaka mafuta ya injini kwa mikono yake michafu, wanagombana kuhusu hilo, kisha wanakula. Mvua ikivuja alipanda juu ya paa. Mama aliposhindwa kufika kanisani kwa miguu, Tobias alimpeleka kwa pikipiki polepole sana hata watoto wakawapita wakikimbia.

Hakimu akauliza, "Na sasa anayeleta samaki ni nani?"

Mama akanitafuta kwa macho pale nyuma, akaninyooshea kidole. "Huyu. Akikumbuka."

Mahakama nzima ilicheka, na hata mimi nilicheka, halafu nikatoka nje. Nilizunguka ule uwanja wa mahakama mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Nilipokuwa pale nje ndipo nikamwona Perpetua anaingia langoni na beseni la omena kichwani. Alikuwa ametokea Mbita. Nikamuuliza amevukaje. Akaweka beseni chini, akajifuta uso.

"Kwa boti ya Meshack. Nimemwambia nahodha naenda soko ya Homa Bay. Na soko nitaenda, nikimaliza hapa."

Aliapa akiwa bado na harufu ya omena, akasimulia kwa Kijaluo, mkalimani akifuata nyuma. Mama, ambaye alikuwa ameshamaliza zamu yake na kuketi, hakuhitaji mkalimani. Perpetua alisema boti ilipokuwa inajaa, Tobias alimwambia nahodha wapunguze magunia, maana injini haina nguvu ya mzigo ule. Nahodha akampigia Meshack, akaweka simu kwa sauti ili wote wasikie. Meshack akasema, mwambie fundi, akiogopa ashuke.

Hakimu akauliza kwa nini hakushuka.

Perpetua akasema, "Mimi pia nilimwambia, fundi, shuka. Akasema injini hii ikizima katikati, hapa hakuna mwingine wa kuiwasha. Akakaa kando yake. Na ilizima kweli. Alikuwa anavuta ile kamba mpaka maji yakaingia."

Hatukuwa tumelijua hilo. Mimi na kalamu yangu yote siku ile ufuoni, nilikuwa nimeuliza magunia yalipangwaje. Mama aliweka mkono mdomoni na kuuacha hapo mpaka mahakama ilipoahirishwa.

Hukumu ilichukua muda kuja. Ilipokuja, hakimu alisema wazi kwamba kifo kile hakikuwa cha mawimbi, kilikuwa cha uzembe wa mwenye boti. Akampa mama haki yake kama mtegemezi, licha ya kiburi chake. Lakini sehemu ndogo ya lawama aliiweka kwa Tobias, kwa kuwa alijua hatari na akabaki. Katika kazi yetu, vijana, hayo ni matokeo mazuri. Mteja mwingine ningemshika mkono nikampongeza.

Mama aliniuliza pale kwenye ngazi, "Kwa hivyo wanasema mtoto wangu alijiua kidogo?"

Nilimweleza kwamba sivyo, ni lugha ya sheria tu, ni kugawa wajibu. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuisikia hukumu kwa masikio yake. Wakati huo Bwana Meshack alikuwa akishuka ngazi. Alisimama mbele yetu. Alikuwa amekonda.

"Mama," akasema, "mimi nilimwambia ashuke."

"Angeshuka," mama akamwambia, "nani angebaki na wale watu?"

 Meshack akavua kofia, akasimama nayo hivyo mpaka tukampita.

Nilitaka rufaa kwa ajili ya ile sehemu ndogo. Nilimsumbua Bi Moraa nayo, nikamsumbua mama, hata baada ya kustaafu. Mama akasema umri wake hautoshi rufaa. Meshack alilipa polepole, akauza boti moja, na zile zilizobaki akazinunulia jaketi. Perpetua bado anavuka nazo na anabishana nauli kama zamani.

Sasa huwa nakwenda nyumbani Muhuru mara nyingi, na samaki napeleka bila kukumbushwa. Siku moja nilivuka kwenda Remba kumsalimia Perpetua, tukarudi pamoja Muhuru, alikokuja kununua chumvi, na asubuhi iliyofuata nikapanda naye boti ya Meshack kumsindikiza tena Remba; nilishawaambia miguu yangu haitulii. Tulikuwa tumeshapanda, injini inanguruma, magunia yamepangwa, lakini nahodha haondoki.  Karibu nami kulikuwa na mgeni, mwalimu aliyehamishiwa visiwani. Akatazama saa, akatazama jaketi yake aliyokuwa ameifunga vibaya, akauliza kama injini ni mbovu.

"Injini ni nzima," nahodha akamjibu, akitazama njia inayoshuka kutoka vijijini. "Tunamngoja mama yake fundi. Akishatuangalia, tutaenda."